Kilele Juu ya Mkebe

Nimewasikia tena jana, nyinyi wapangaji wangu wa vyumba vya nyuma. Mlikuwa mnafua nguo huku mkilisengenya somo la uchumi kama watu wanaomsengenya mama mkwe. Mmoja alisema ni grafu tupu. Mwingine akasema ni hesabu zilizovaa tai. Chebet, ambaye namheshimu kwa sababu ndiye peke yake anayefagia uani bila kukumbushwa, akasema alilichukua kwa kuwa nafasi za sheria zilijaa. Sikuwaingilia. Mzee akiingilia mazungumzo ya wanafunzi huambiwa zama zimebadilika, kisha hupewa kiti akae kivulini. Basi nimekaa kivulini, na nawaandikia.

Mimi chuo sikukiona ila kwa nje. Nilisoma hadi darasa la nne kwetu Bungoma, nikaja Eldoret enzi za masetla, wakati majirani zetu Wanandi wakiuita mji huu Sisibo, nikapata kazi ya kupima mahindi katika ghala moja kubwa karibu na reli. Kupima kwenyewe hakukuwa kwa mizani. Mizani ilikuwa na mtu wake. Mimi nilipima ubora: gunia likiletwa, niseme ni gredi ya kwanza, ya pili, au lirudi lilikotoka. Nilifanya hivyo miaka ishirini na ushei, na meno yangu mawili ya mbele yalikwenda na kazi hiyo.

Msicheke. Meno ndiyo yalikuwa mashine yetu. Punje iliyokauka ukiing'ata huvunjika kwa mlio, na mbichi hujibana ikawa bapa. Mkono nao unauzamisha ndani ya gunia hadi kwenye kiwiko: ukikuta joto huko chini, ujue mahindi yalifungwa kabla ya wakati wake, na baada ya wiki mbili yatanuka. Ukibaki na shaka, unatia punje kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, unatikisa, unasubiri. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi hayo yana maji. Chombo chetu cha kujivunia kilikuwa bambo, kichuma chenye ncha na mfereji katikati. Unalidunga gunia ubavuni na punje zinateremka zenyewe hadi kiganjani.

Aliyenifundisha yote hayo ni Mzee Barasa, mpimaji mkuu, mtu mfupi aliyevaa koti la mvua hata wakati wa kiangazi. Sheria yake ilikuwa moja: ukipitisha, ule. Mwezi wangu wa kwanza nilidunga magunia juu juu tu, nikaona punje nyeupe za kupendeza, nikayapitisha yote. Barasa alikuja nyuma yangu akadunga chini. Zikatoka punje zenye ukungu na vipande vya magunzi. Hakunigombeza. Alinijazia mkebe kutoka huko chini akaniambia niupeleke nyumbani ukasagwe, na kesho nimwambie ladha yake. Mke wangu alipika ugali ule bila kujua. Alionja tonge moja, akanitazama, kisha akamchukua mtoto wetu Nekesa wakaenda kula kwa jirani. Mimi nilibaki na sufuria nzima. Tangu siku hiyo bambo langu lilifika chini.

Sasa, kuhusu wanafunzi. Chuo kikuu enzi hizo hakikuwa mlangoni kama chenu. Kilikuwa Kampala, safari ya gari la moshi, na waliokwenda huko kutoka pande hizi ungewahesabu kwa vidole ukabakiwa na vingine vya kukunia kichwa. Kila likizo ndefu, ghala letu liliwaajiri wawili watatu kuandika lebo za magunia. Sisi wapimaji tulipenda waje, kwa sababu saa ya chakula walikuwa na mabishano matamu kuliko mpira.

Mwaka ninaousema walikuja watatu. Wawili walisomea udaktari na ualimu, na hao walitembea wakiwa wamevimba. Wapagazi waliwaonyesha vidonda na kuwaulizia habari za watoto wao shuleni. Wa tatu alikuwa Kiplagat, kijana mrefu, mama yake akiwa skwota, kibarua mwenye kijishamba cha kuazimwa, katika shamba la setla mmoja upande wa Ziwa. Yeye alisomea uchumi. Wapagazi walimuuliza uchumi ni ugonjwa gani. Alipoeleza, wakakubaliana kwamba atarudi kufungua duka, na wakamwonea huruma, maana duka Wahindi walikuwa nalo tayari na hawakwenda Kampala kulisomea.

Wenzake hawakuwa na huruma zaidi. Yule wa udaktari alisema uchumi ni somo la waliokosa kushika kisu. Wa ualimu akasema ni historia iliyoondolewa watu. Nyinyi mnadhani mmeyavumbua maneno haya juzi, kumbe yana mvi. Kilichonishangaza ni kwamba Kiplagat mwenyewe hakuwa akilitetea. Alitafuna mhogo wake akitazama reli.

Siku moja tukishona mdomo wa gunia, akaniambia ukweli wake. Alikuwa ameanguka mtihani wa uchumi. Chuo kilimpa nafasi moja: aende sokoni kwao wakati wa likizo, aangalie bei inavyotembea, aandike insha, airudishe. Insha ikifaa, anaendelea. Isipofaa, au asipoileta, akae nyumbani moja kwa moja. Mama yake hakujua. Mama huyo alikuwa ameishawishi familia nzima iuze ng'ombe ili yeye aende, na kila Jumapili kanisani aliombewa kwa jina. Nami nikamuuliza sasa insha iko wapi. Akasema haiko.

"Hii somo si ya watu kama sisi, Mzee," akaniambia. "Mifano yote ni ya mvinyo na kitambaa. Mimi nimezaliwa kwa mahindi. Nitaandika nini?"

Nilimwambia aandike mahindi. Alitabasamu kwa adabu, vile mnavyonitabasamia nyinyi.

Lakini Jumamosi alikwenda, nami nikaenda naye kwa kuwa nilitaka kununua mboga. Soko la Waafrika lilikuwa upande wa mtoni, na wanawake wa mashambani walikuja kwa miguu tangu alfajiri na mahindi, maharagwe na maziwa. Mama Kiplagat alikuwepo, katikati ya wenzake sita wa shamba lile lile, kila mmoja na turubai yake na mkebe wake wa kupimia, huo mnaouita gorogoro siku hizi. Kiplagat alimsalimia mama yake kwa heshima, kisha akasimama mbali kidogo na daftari, shati limepigwa pasi. Alikuwa anaona haya. Nilimwona, na mama yake alimwona pia.

Asubuhi mkebe ulikuwa thumuni. Akaandika. Saa sita wanunuzi walikuwa wamepungua na wauzaji wameongezeka, akaenda kuuliza kwa wote saba. Thumuni. Akaandika. Saa kumi, mawingu yakiwa yamefunga upande wa Kaptagat na kila mtu akitaka kwenda nyumbani, akauliza tena. Thumuni. Alikuja nilipokuwa, akafunga daftari kwa nguvu. Kitabu kilisema bidhaa zikizidi wanunuzi bei hushuka. Hapa haikushuka hata senti. Basi ama kitabu ni cha uongo, ama mama zake hawa saba hawana akili ya biashara, na lolote kati ya hayo mawili halikuwa insha ya kupeleka Kampala. Alisema amemaliza na uchumi na Jumatatu atatafuta shule ya kufundisha.

Hapo ndipo kazi yangu ilinisaidia. Mpimaji hasikilizi gunia linavyotangazwa, anaangalia kilichomo. Nilikuwa nimenunua mkebe mmoja asubuhi kwa Mama Kiplagat, na nikawa nimeona kitu bila kukitia maanani: alipojaza, alipitisha mkono juu ya mdomo wa mkebe akakata sawasawa. Nikamwambia Kiplagat anunue mmoja sasa, kwa mama yake yule yule, kwa thumuni ile ile, na atazame mkono, asitazame mdomo.

Mama akajaza. Hakukata. Alimwaga hadi kikasimama kilele juu ya mkebe, punje zikawa zinaporomoka pembeni, kisha akachota konzi nyingine akaitia ndani ya kikapu kama nyongeza. Tulipopima mahindi ya asubuhi na yale ya saa kumi kwa mkebe wa jirani, ya jioni yalizidi karibu theluthi nzima. Bei ilikuwa imeshuka vizuri sana. Ilishukia mkononi.

Kiplagat alisahau shati lake akapiga magoti palepale kwenye turubai. Akamuuliza mama yake kwa nini hasemi tu kwamba bei imeshuka, apate wanunuzi wengi.

Mama alimtazama kama mtu aliyeuliza kwa nini tunavaa nguo. "Mimi nikiita bei ya chini, nimeharibia hawa," akasema, akiwaonyesha wenzake kwa kidevu. "Kesho nani atanitwika mzigo? Mkono haisikiki. Kila mtu anajua, na hakuna mtu amesema."

Laiti mngemwona kijana huyo. Alizunguka soko lote hadi mvua ilipoanza, akipima vilele kwa kijiti, akiuliza nani hutoka shamba moja na nani, nani hukata na nani humwaga. Muuza maharagwe mmoja alimfukuza akidhani ni askari wa manispaa. Wiki nzima iliyofuata hakula nasi chakula cha mchana, aliandika juu ya magunia. Yule wa udaktari alimuuliza anaandika nini, akajibu kwamba anaandika juu ya mkono wa mama yake. Mimi nilijisikia profesa. Nilitembea ghalani kifua mbele siku mbili.

Siku ya tatu ilikuwa Jumatano, siku ambayo Waafrika waliruhusiwa kuleta mahindi yao ghalani. Siku nyingine zilikuwa za masetla. Ukutani palikuwa na ubao wenye bei ya gredi ya kwanza na ya pili, na ubao haukuwa na siku wala rangi ya mtu. Kiplagat alikuwa karibu yangu na lebo zake. Nilifanya kazi yangu kama kawaida, nikijua ananitazama, na kwa kweli nilikuwa najionyesha kidogo.

Ilipofika saa ya chakula wengine wakatoka, yeye akabaki. Aliniambia amekuwa akihesabu tangu Jumatatu. Gunia la setla nililidunga mara moja, ubavuni, juu. Gunia la Mwafrika nililidunga mara tatu, hadi chini kabisa, na nikiendelea kutafuta hadi nipate punje mbovu. Na ukitafuta sana kwenye gunia lolote duniani, punje mbovu utaipata.

"Bei kwa ubao ni moja, Mzee," akasema. "Mkono yako ndio iko mbili."

Nilikasirika. Nawaambia wazi ili msidhani wazee huzaliwa na busara. Nilimwambia aliajiriwa kuandika lebo, aandike lebo. Nilimwambia hajui lolote, kwamba Barasa alinifundisha hivyo, chini kwa Mwafrika na juu kwa setla, na aliyemfundisha Barasa alimfundisha hivyo, na meneja wetu Mzungu hupita kila siku na hajawahi kulalamika. Hakuna barua iliyotuamuru. Hakuna mtu aliyesema. Niliposikia maneno hayo yakitoka kinywani mwangu nikayatambua kuwa ni yale ya mama yake.

Kiplagat hakupandisha sauti. Aliuliza jambo moja tu, na aliuliza polepole, akiangalia lebo zilizo mkononi.

"Na yale ya mama, ya Jumatano iliyopita?"

Nilikuwa nimeyasahau. Magunia matatu, yameshonwa kwa mkono, uzi mwekundu. Nilikuwa nimeyadunga hadi chini, nikapata punje mbili zilizotobolewa na fukusi, nikaandika gredi ya pili. Niliyapima vile nilivyoyapima ya wote, na nilimsalimia vizuri, nikamuulizia habari za mashambani.

Aliniuliza kwa nini ikawa hivyo, nani anafaidika, na kama sisi tulioushika mkono huo tunaweza kuacha bila ghala kufungwa. Nilitafuta jibu. Niliujua unyevu wa mahindi kwa jino na joto lake kwa kiwiko, lakini hilo sikulijua, na nikaona aibu kuwa nimekaa miaka yote hiyo juu ya jambo bila kulijua.

"Sijui," nikamwambia. "Nenda Kampala ukalisome hilo."

Akaniambia hiyo sasa ndiyo insha, ile ya soko ilikuwa utangulizi tu. Aliyaandika yote mawili, na alipomaliza alinisomea kwa Kiswahili, nami nikitega sikio nisikie jina langu. Hakulitia. Alikuwa ameandika "mpimaji mmoja stadi", na neno stadi liliniuma kuliko matusi.

Jumatatu iliyofuata lilikuja gari la setla mmoja mwenye shamba kubwa. Nikadunga gunia la kwanza mara tatu, hadi chini. Magunzi yakatoka, na vumbi, na kokoto moja yenye ukubwa wa yai la njiwa. Nikaandika gredi ya pili kwa herufi kubwa. Barasa aliona, akaenda kuvaa koti lake la mvua vizuri, akarudi, hakusema kitu. Meneja alisema. Alisema kwa muda mrefu. Nilihamishiwa kushona magunia kwa miezi mitatu, na lazima nikiri meno yangu yalifurahia mapumziko. Niliporudishiwa bambo, nilikuta Barasa amewafundisha wapya wawili, na wote walikuwa wakidunga mara tatu kwa kila mtu. Hatukulizungumzia jambo hilo hata siku moja, na ghala halikufungwa.

Siku Kiplagat anarudi chuoni nilikwenda stesheni. Gari la Kampala lilipita asubuhi hiyo, na familia yao ilikuwa imekuja karibu yote, na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandishwa, na mchungaji. Insha ilikuwa ndani ya sanduku, imefungwa kwa gazeti. Mama yake alisimama pembeni nami huku vijana wakipandisha mizigo. Alikuwa amegundua habari ya mtihani, mama hugundua tu, na sasa aliniuliza kwa sauti ya chini mtoto wake anakwenda kusomea nini hasa, maana kila akimuuliza huambiwa maneno ya Kizungu.

Nilimweleza nilivyoweza. Nikasema anasomea kwa nini wewe unaweka kilele juu ya mkebe badala ya kushusha bei. Akacheka, akauliza kama hilo nalo linahitaji kupandiwa gari la moshi. Nikasema ndiyo, na kuna lingine. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi njia nzima kutoka nyumbani, lakini lilitoka vibaya. Nikamwambia yale magunia yake matatu yenye uzi mwekundu yalikuwa gredi ya kwanza, na mimi ndiye niliyeyafanya ya pili.

Hakunigeukia. Alikuwa akimpungia mkono Kiplagat dirishani, gari likianza kusogea.

"Nilijua, Baba Nekesa," akasema. "Si ni mimi nilikausha."